Mzee asiyeona ni wa ofisi gani?

Barua ya wazi kwa wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

Waheshimiwa Wabunge,

Mwaka 2018 neno kikokotoo liliingia katika kila nyumba ya mtumishi wa umma. Mifuko ya pensheni ilikuwa imeunganishwa, ikabaki PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi, na kanuni mpya za ukokotoaji zikataka mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25 tu ya mafao yake, kilichobaki akipokee mwezi hadi mwezi. Walimu na wauguzi wakapaza sauti. Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akazisitisha kanuni hizo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024, baada ya maswali mengi ndani ya ukumbi wenu, Serikali ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata nusu. Mjadala huo ulistahili kila dakika uliyopewa.

Lakini ulikuwa mjadala wa wazee wenye mafao.

Mvuvi wa Kilwa, mkulima wa mtama wa Kondoa, mama lishe wa Manzese, mfugaji wa Simanjiro na fundi cherehani wa barazani hawana kikokotoo, maana hawana cha kukokotoa. Walifanya kazi maisha yao yote, wakalipa ushuru wa mazao na kodi kwenye kila mfuko wa sukari walioununua, ila hakuna mwajiri aliyewahi kuwakata mchango wa uzeeni. Hawa ndio sehemu kubwa ya wazee wa Tanzania. Barua hii ni kwa ajili yao, na hasa kwa ajili ya wale ambao uzee umewajia pamoja na upofu, uziwi, kiharusi au miguu isiyobeba tena mwili.

Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kuipata haki yake ya kufanya kazi, ya kujielimisha, na ya kusaidiwa na jamii anapofikwa na uzee, maradhi au ulemavu. Uzee na ulemavu vimewekwa pamoja, katika ibara moja. Hata hivyo ibara ya 7 ya Katiba hiyohiyo inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Kwa hiyo bibi wa miaka 75 aliyepooza upande mmoja hawezi kwenda Mahakama Kuu akadai kilichoahidiwa pale. Jaji hana mamlaka ya kumpa. Mlango pekee uliobaki ni wenu, na ndiyo sababu barua hii haikuandikwa kwa waziri wala kwa mkuu wa mkoa.

Wapo watakaosema Tanzania ni nchi ya vijana, na suala la wazee liachiwe Japani na Ulaya. Kwa asilimia wana hoja. Sensa ya 2012 iliwakuta watu wenye miaka 60 na zaidi wakiwa asilimia 5.6 ya Watanzania. Sensa ya 2022 ikawakuta asilimia 5.7. Ni kama hakuna kilichobadilika. Lakini asilimia hiyo imetulia kwa sababu watoto wanazaliwa wengi, na wingi wa watoto unawafunika wazee wasionekane. Ukiwahesabu kwa vichwa, wazee walikuwa 2,507,568 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye wakawa 3,491,983. Wameongezeka karibu milioni moja katika muongo mmoja. Kwa Afrika nzima, makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kwamba watu wa umri huo, waliokuwa kama milioni 74 mwaka 2020, watafika kama milioni 235 ifikapo 2050. Vijana mnaowatengea mikopo leo ndio hao watakaokuwa wazee wa 2050, na wengi wao ni madereva wa bodaboda, machinga na vibarua ambao nao hawakatwi mchango wowote.

Japani yenyewe inafaa kutazamwa, si kwa utajiri wake bali kwa ratiba yake. Wenye miaka 65 na zaidi walifika asilimia 7 ya Wajapani mwaka 1970. Bima ya kuwahudumia wazee wasiojimudu ilianza Aprili 2000, miaka 30 baadaye, huku wanawake wa nchi ile, wake kwa wakwe, wakiwa wameubeba mzigo wa uuguzi majumbani hadi wamechoka. Tanzania bado iko mwanzoni mwa safari hiyo. Ina nafasi ya kujiandaa ambayo wengine waliipoteza.

Sasa twendeni Kagera, kwa sababu huko taifa hili lilikwishaonyeshwa mzee ni nani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata wazazi walikufa, watoto wakabaki, na waliobaki kuwalea walikuwa bibi na babu. Bibi wa miaka 70 alirudi kuanza upya: kuamsha watoto alfajiri, kutafuta daftari, kulima shamba la migomba ambalo mwanawe alipaswa kulilima. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika dogo linaloitwa Kwa Wazee lilianza katika miaka ya mwanzo ya 2000 kufanya jambo ambalo wataalamu wengi waliliogopa: kumpa mzee fedha taslimu kila mwezi bila kumwelekeza azifanyie nini. Tathmini ya mradi huo iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hivyo ndivyo vitu wazee walivyovinunua. Walikula vizuri zaidi, waliombaomba kwa majirani mara chache zaidi, na wajukuu wao walikwenda shule wakiwa na vifaa. Pensheni ya bibi ilikuwa pia ada ya mtoto na mlo wa nyumba nzima.

Ushahidi huo umekuwepo hapahapa nyumbani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 wizara yenye dhamana ya kazi, kwa kushirikiana na shirika la HelpAge International, ilichapisha hata upembuzi yakinifu wa pensheni kwa wazee wote wa Tanzania. Kazi ya kufikiri ilifanyika. Kilichokosekana ni kura.

Turudi kwenye swali lililobeba barua hii. Chukua mzee wa Nzega, mkulima, ambaye akiwa na miaka 66 macho yalianza kuingia ukungu na kufikia 69 haoni. Ni mtu wa kufikirika, lakini hakuna mbunge wa jimbo la vijijini asiyemjua wa aina yake. Serikalini wazee wako chini ya wizara ya maendeleo ya jamii na makundi maalumu; watu wenye ulemavu wamewekwa Ofisi ya Waziri Mkuu; matibabu ya macho ni ya Wizara ya Afya; na afisa ustawi wa jamii ambaye angemwona uso kwa uso yuko chini ya halmashauri, kwa hiyo TAMISEMI. Mzee wa Nzega ni wa ofisi gani? Akihesabiwa kama mzee, ana Sera ya Taifa ya Wazee, iliyoanza mwaka 2003, na sera haimpi haki ya kudai. Akihesabiwa kama mwenye ulemavu, ana Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo ni nzuri, lakini moyo wake ni ajira na elimu: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Mzee wa miaka 69 hatafuti ajira. Anatafuta mtu wa kumshika mkono hadi chooni.

Na mara nyingi hajihesabu kabisa kuwa mtu mwenye ulemavu. Chama cha wasioona, chama cha viziwi na vyama vingine vilivyo ndani ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, vilijengwa na watu walioishi na ulemavu tangu ujana, wakasoma pamoja, wakadai haki pamoja. Aliyepofuka uzeeni hana kadi ya chama, hajui nukta nundu, hajawahi kushika fimbo nyeupe. Nyumbani watu wanasema tu, "Babu amezeeka." Neno hilo linafunga mlango wa hospitali kabla haujabishwa, kwa sababu ukungu ule machoni aghalabu ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutibika. Daktari huitoa lenzi iliyofifia, akaweka ya bandia, operesheni isiyofika saa moja. Hospitali za CCBRT pale Msasani na KCMC mjini Moshi zimekuwa zikiifanya kwa miaka mingi. Kinachomzuia mzee wa Nzega ni nauli yake na ya msindikizaji, siku za kulala mjini, na mtu wa kumwambia kwamba huu si uzee bali ni ugonjwa.

Gharama ya kutotibiwa jicho inaweza kuwa kubwa kuliko upofu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wenye macho mekundu, yaliyounguzwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe miaka yote ya kupika, wametuhumiwa uchawi na kuuawa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeyaandika mauaji hayo mwaka hadi mwaka. Jicho ambalo tabibu angelitazama likafanywa ushahidi wa kumhukumu mwenye nalo.

Upande wa pili wa jambo hilihili haujatajwa hata kidogo katika mipango yetu: watu wenye ulemavu nao wanazeeka. Aliyepata polio utotoni akatembelea magongo miaka 50 hufika uzeeni mabega na viwiko vimekwisha, kwa sababu mikono yake ilifanya kazi ya miguu. Jijini Dar es Salaam wapo watu wengi wenye ulemavu wa miguu wanaoendesha bajaji. Kazi hiyo imewapa heshima na kipato, na wanaijua barabara ya jiji kuliko wengi wetu. Hawana mwajiri wa kuwachangia NSSF. Siku mikono itakaposhindwa kukaza usukani, wataitwa wazee na faili lao la ulemavu litafungwa, au wataitwa walemavu na kuambiwa wajiunge na kikundi cha mkopo.

Mikopo yenyewe izungumzwe kidogo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Ni mpango mzuri kwa mwenye nguvu za kuzungusha mtaji. Wazee hawana fungu lao humo, na hata wangekuwa nalo, mkopo si dawa ya mtu asiyeweza kuinuka kitandani. Vivyo hivyo mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umesaidia wengi, lakini unapima kaya. Mzee anayeishi uani kwa mwanawe mwenye nyumba ya bati hahesabiwi maskini, ingawa yeye mwenyewe hana shilingi ya kununulia dawa ya kikohozi na huona haya kuiomba kwa mkwe wake.

Waheshimiwa, mfano wa kufuata hauko mbali. Uko ndani ya Jamhuri hii.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii. Kila Mzanzibari aliyefikisha miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, mkulima wa karafuu sawa na aliyekuwa karani, fedha zote zikitoka katika bajeti ya Serikali yenyewe bila mfadhili. Haulizwi mtu ni maskini kiasi gani, anaulizwa umri. Sheha, kiongozi wa shehia yake, anamjua, jina linaandikwa, analipwa. Tangu mwanzo wamelipwa watu zaidi ya 20,000, na chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi kiwango kimepandishwa hadi 50,000. Mwaka 2020 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria ya masuala ya wazee. Yote hayo yalisukumwa na wazee wenyewe kupitia jumuiya yao, JUWAZA, na yakapata viongozi wa kuyasikia.

Zanzibar imekuwa na desturi hiyo kwa muda mrefu. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, Unguja, zimekuwa zikiwahifadhi wasio na jamaa kwa miongo mingi. Lakini wazee wengi hawaishi Sebleni. Wanaishi na watoto wao, kama desturi inavyotaka, na Pensheni Jamii iliwafuata hukohuko. Hapo ndipo busara yake ilipo.

Sasa mtazame mzee wa Mkoani, Pemba, na mzee wa Pangani, Tanga. Wanavua mkondo mmoja wa bahari. Wanasikiliza redio moja, wanaimba wimbo mmoja wa taifa, na huenda wameoleana. Wa Mkoani akitimiza miaka 70 ana 50,000 yake kila mwezi. Wa Pangani hana kitu. Ukimuuliza ni kwa nini, atakujibu kwamba yeye ni wa Bara. Jibu hilo halipaswi kuwa sababu ya mtu kulala njaa katika nchi moja.

Majirani nao wametangulia. Kenya ilifungua mpango wa Inua Jamii kwa wote wenye miaka 70 mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, sambamba na malipo ya watu wenye ulemavu mkubwa. Uganda ilianza na wilaya chache mwaka 2010, na ilipoueneza mpango nchi nzima ikaweka umri wa miaka 80, umri ambao wengi hawaufikii. Lesotho, nchi ya milima isiyo na bandari, yenye watu wachache na mapato madogo, imekuwa ikiwalipa wazee wake wa miaka 70 tangu 2004. Katika hao kuna la kuiga na la kuepuka. La kuepuka Uganda ni umri. La kuepuka Kenya ni ucheleweshaji: wazee wamekaa miezi wakisubiri, kisha malipo yakaja kwa pamoja baada ya madeni ya dukani kuwa yamekwisha kukua. Ndiyo maana hoja ya barua hii ni sheria yenye tarehe, si mpango unaotegemea nafasi ya bajeti.

Fedha je? Hesabu ni fupi, na kila mbunge anaweza kuirudia kwa simu yake. Kama kila Mtanzania mwenye miaka 60 na zaidi aliyehesabiwa mwaka 2022, wote 3,491,983, angelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, gharama kwa mwaka ingekuwa kama bilioni 838. Bajeti ya Serikali ya 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49. Hiyo ni asilimia 1.5 hivi. Na hakuna anayependekeza kuanza na miaka 60 kwa wote. Kwa kila wazee milioni 1 watakaolipwa kiwango hicho, gharama ni bilioni 240 kwa mwaka, chini ya nusu ya asilimia moja ya bajeti hiyo. Fedha hizo haziondoki nchini. Zinaishia kwenye duka la kijiji, kwa muuza dagaa, kwenye mashine ya kusaga.

Liko pingamizi jingine, zito kuliko la fedha, na linatoka kwa watu waungwana: kwamba kumlipa mzee ni kuwafundisha watoto kutowatunza wazazi wao. Tumelelewa hivyo, mzazi ni wa mwanawe, na anayempeleka mama yake kwenye makazi ya Serikali hunyooshewa kidole. Pingamizi hilo lisidharauliwe. Lakini mtoto huyo anayetarajiwa kutunza ni nani? Ni binti anayeuza vitumbua Buguruni, mwenye watoto watatu na kodi ya chumba. Hakosi mapenzi. Anakosa nauli ya kwenda Kibondo kumwona mama yake. Kule Muleba wazee waliolipwa hawakutupwa na jamaa zao. Walipata cha kuchangia mezani, wakasikilizwa zaidi. Mzee mwenye 20,000 mkononi humtuma mjukuu dukani kwa fedha yake mwenyewe. Na wale ambao kweli hawana mtu, walioko Nunge kule Kigamboni, Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi kule Misungwi na makazi mengine ya Serikali, wataendelea kuhitaji paa la umma. Hao ni sehemu ndogo sana ya wazee wote.

Mwenye kutunza naye atajwe, kwa sababu hatajwi popote. Katika nyumba nyingi ni mwanamke: mke aliye mzee naye, binti ambaye hakuolewa, mkwe, au mjukuu wa kike aliyetolewa shule darasa la sita ili akae na bibi aliyeanza kusahau hadi majina ya wanawe. Anainua, anaogesha, anageuza mgonjwa wa kiharusi usiku asipate vidonda vya mgongo, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumwinua mtu mzito bila kuumia kiuno. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo vijijini. Wakipewa mafunzo mafupi ya uuguzi wa nyumbani na orodha ya nyumba zenye wazee wasiojimudu, mjukuu huyo angekuwa na wa kumuuliza.

Hospitalini Serikali imekwishaahidi mambo. Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure, na katika hospitali nyingi utaona dirisha au kibao kinachosema mzee apishwe. Kupishwa kwenye foleni ni heshima ya kweli, na inathaminiwa. Kilio kinachosikika mikoani ni cha hatua inayofuata: mzee anaonana na daktari bure, anaandikiwa dawa ya shinikizo la damu au kisukari, anafika dirisha la dawa anaambiwa hakuna, akanunue nje. Hizo ni dawa za kila siku hadi mwisho wa maisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge lenu mwaka 2023. Wazee na watu wenye ulemavu wasio na uwezo wawe wa kwanza kulipiwa michango na Serikali, na kitita chao kitaje kwa maandishi dawa hizo za kudumu, operesheni ya mtoto wa jicho, shimesikio na kiti cha magurudumu.

Kuhusu barabara na majengo, neno moja linatosha. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, jukwaa la kituo lilijengwa usawa wa mlango wa basi, na mtu wa kiti cha magurudumu akaingia bila kubebwa. Tunajua kujenga hivyo tukiamua. Ofisi nyingi za kata bado zina ngazi mlangoni bila njia ya mtelemko, na kuna nyingine ambamo afisa anayeshughulikia wazee ameketishwa ghorofani.

Yanayoombwa kwenu ni haya. Kwanza, sheria moja ya Tanzania Bara itakayotamka pensheni ya kila mwezi kwa kila mwenye miaka 70, bila kupimwa umaskini, na ianze miaka kumi mapema, yaani 60, kwa mwenye ulemavu, kwa kuwa mwili wake huchakaa kabla ya wengine. Sheria itaje tarehe ya malipo na nani awajibike yakichelewa. Na dawati liwe moja katika kila kata, la afisa ustawi wa jamii, ambako mzee asiyeona wa Nzega ataandikwa mara moja tu na kutumwa anakostahili, kliniki ya macho au benki, bila kuulizwa kama amekuja kama mzee au kama mwenye ulemavu. Katika uandikishaji, alama za vidole zisiwe sharti la mwisho. Vidole vilivyoshika jembe miaka 50 mara nyingi havisomeki kwenye mashine, na wengi waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 hawana cheti cha kuzaliwa. Mwenyekiti wa kijiji na baraza la wazee wanawafahamu. Ushahidi wao upokelewe, kama wa sheha unavyopokelewa Zanzibar. Asiyeweza kutoka nyumbani aruhusiwe kumtaja mtu wa kumpokelea, na mtu huyo akaguliwe, maana wapo wajukuu wenye tamaa.

Mnajua kuliko mwandishi kwamba ibara ya 99 ya Katiba inaiachia Serikali hatua zinazogusa matumizi ya fedha za umma. Lakini hoja binafsi ya kuitaka Serikali ilete muswada iko mikononi mwa mbunge yeyote, wa chama chochote, wa jimbo au wa viti maalumu. Mkutano wa bajeti hufanyika Dodoma kuanzia Aprili. Barua hii inamwomba mmoja wenu aiandike hoja hiyo na kuiwasilisha kabla ya mkutano huo, na inawaomba waliobaki msimame kumuunga mkono kwa sauti ileile mliyoitumia kwenye kikokotoo.